“Umeokoka?”: swali linaloulizwa waliokwisha kubatizwa

Mama yangu alikuwa barazani kwake Tabata, Jumamosi mwendo wa saa nne asubuhi, ungo wa mchele mapajani, vijana watatu walipopiga hodi. Wasichana wawili, mvulana mmoja, Biblia yenye zipu, na vipeperushi vilivyopinda pembe kwa jasho la mkono. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, wanangu. Karibuni, vuteni benchi hilo.” Wakaulizana habari za nyumbani na za joto. Kisha msichana mkubwa, mwenye sauti ya upole, akauliza: “Mama, umeokoka?”

“Mimi ni Mmoravian, mwanangu. Nilibatizwa Rungwe nikiwa mchanga, nikapata kipaimara hukohuko.”

“Hiyo ni dini, mama, na dini haimwokoi mtu. Ukifa usiku wa leo, una uhakika utaamkia wapi?”

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona mkono wa mama ukitulia juu ya mchele. Huyu ni mwanamke aliyefiwa na mume na watoto wawili, na kila mara Jumapili iliyofuata alirudi kwenye kwaya ya akina mama, kwa sababu alisema hana pengine pa kupeleka machozi. Sasa binti wa miaka ishirini na kitu anamwuliza kama anamjua Mungu. Hakugomba. Alisema tu, “Mungu anajua, mwanangu,” na wale vijana wakatazamana, maana kwao hilo ndilo hasa jibu la mtu ambaye bado.

Swali hilo husikika Dar es Salaam kila siku. Utalisikia ndani ya daladala ya Mbagala kabla hamjafika Mtoni kwa Aziz Ali, utalisikia wodini saa ya kuona wagonjwa, utalisikia kwenye ofisi za Posta ambako wafanyakazi hukutana kusali saa ya chakula cha mchana. Haki ya kuliuliza ipo: ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kazi ya kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Kinachohitaji kufafanuliwa ni kwa nini swali hili huelekezwa mno kwa Walutheri, Waanglikana, Wamoravian na Wakatoliki, watu ambao jina la Yesu wamelishika tangu utotoni, na kwa nini linawauma kiasi kile.

Neno moja, maana mbili

Tuanze na neno “kiinjili”, kwa sababu limebeba mkanganyiko wote huu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililozaliwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, lina neno hilo katika jina lake. Limetoka Ujerumani, ambako “evangelisch” ni jina la makanisa yote yaliyotokana na matengenezo ya Martin Luther. Kwa maana hiyo kila msharika wa Azania Front, kanisa la Kilutheri la hapa Dar, ni mtu wa kiinjili, awe na bidii au asiwe nayo.

Maana ya pili ilikulia Uingereza na Marekani. Mwanahistoria David Bebbington aliieleza mwaka 1989 kwa alama nne: mtu lazima ageuke na kuzaliwa mara ya pili, Biblia ndiyo yenye kauli ya mwisho, msalaba ndio kiini cha imani, na aliyeokoka hana budi kuwashuhudia wengine. Alama mbili za katikati hazigombanishi watu wengi hapa Dar. Zinazopiga hodi mlangoni ni ya kwanza na ya nne. Ikiwa wokovu ni tukio lenye siku yake na saa yake, asiyeweza kuitaja siku hiyo anahesabiwa kuwa nje. Na kama yuko nje, kumwacha bila kumwambia ni kumkosea.

Makanisa ya zamani yanaihesabu njia kwa namna nyingine. Mtoto huletwa kwenye maji na wazazi wake, hufundishwa, hupata kipaimara, hulishwa Chakula cha Bwana, na imani hukua naye kama mwili unavyokua. Mama hawezi kuitaja siku aliyoamini, kama vile asivyoweza kuitaja siku aliyojua Kinyakyusa. Alijikuta anakiongea.

Uliberali wa kwao na uvuguvugu wa kwetu

Mbinu walizotumia vijana wale hazikutungwa Tabata. Katika karne ya 19 wanatheolojia wa Ujerumani, wakimfuata Friedrich Schleiermacher, waliisoma Biblia kwa jicho la historia na kuielezea dini kama hisia ya ndani ya kumtegemea Mungu. Wengine baada yao wakaenda mbali zaidi: miujiza wakaieleza kwa njia ya asili, kuzaliwa na bikira wakakuona kuwa mfano. Huko ndiko kulikoitwa theolojia ya kiliberali. Marekani wapinzani wake wakatoa kati ya 1910 na 1915 juzuu 12 za vijitabu zilizolipiwa na fedha ya tajiri wa mafuta wa California, Lyman Stewart, kutetea misingi ya imani. Ndiko lilikotoka jina la wanamisingi. Mpasuko haukuzibika tena. Upande mmoja yalibaki makanisa makubwa ya kale ya mijini, na pembezoni kabisa kwa uliberali wakawa Waunitariani na Wauniversali, walioungana mwaka 1961 bila kumdai muumini wao kanuni yoyote ya imani. Upande wa pili wakawa wainjilisti, walioamini kwa dhati kwamba jirani zao hao wanakwenda kanisani kila Jumapili bila kuijua Injili.

Kwa jirani wa namna hiyo kulihitajika zana maalumu. Bill Bright, aliyeanza kazi yake kati ya wanafunzi wa chuo kikuu Los Angeles mwaka 1951, alitunga kijitabu cha kanuni nne fupi kinachoishia kwenye sala ya kumpokea Yesu. Huko Florida, miaka ya 1960, mchungaji wa Kipresbiteri James Kennedy aliwafundisha waumini wake kwenda nyumba kwa nyumba na maswali mawili. La kwanza ni kama una uhakika wa kwenda mbinguni ukifa leo. La pili: Mungu akikuuliza kwa nini akuruhusu kuingia, utamjibu nini? La pili ndilo mtego wa kweli, kwa sababu Mmarekani wa kanisa la heshima angejibu kwamba ameishi vizuri, ameisaidia jamii, hajamdhulumu mtu. Hapo mgeni wake anafungua Biblia na kumwonyesha kwamba wokovu ni kwa neema, si kwa matendo. Zana hizo zimetafsiriwa, zimefundishwa katika semina na vyuo vya Biblia, zimepita mikono mingi, mpaka zimefika kwenye benchi la mama yangu.

Mama si mliberali. Ukimwambia kaburi la Yesu halikuwa tupu atakutazama kwa huruma. Makanisa ya zamani ya Tanzania, kwa kipimo cha Marekani au Sweden, yanashika mafundisho ya kale kwa nguvu. Mwaka 2009 Kanisa la Sweden liliporuhusu ndoa za jinsia moja, maaskofu wa KKKT walijibu mapema 2010 kwa Tamko la Dodoma la kukataa, ingawa wamisionari wa Sweden walikuwa wamefanya kazi nao kwa vizazi. Waanglikana wa Tanzania nao walishajitenga na hatua za wenzao wa Marekani miaka michache kabla.

Kwa hiyo mlokole wa Dar anapolisema kanisa la zamani “limelala”, hazungumzii kuzaliwa na bikira. Anazungumzia bia kwenye sherehe ya ubarikio. Anazungumzia mzee wa kanisa anayetambika kijijini mwezi wa Desemba, anayetoa bahasha ya ahadi kila mwaka lakini hajawahi kumshuhudia jirani yake neno moja. Andiko lake ni Ufunuo 3:16, lile la wenye uvuguvugu. Malalamiko hayo mengi ni ya kweli, nami nimeyaona kwa macho yangu. Ila kuyatibu kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa Boston, yaani uliberali wa Marekani, ni kumfanya mgonjwa ajisikie hajasikilizwa.

Nani alitangulia kuliuliza

Nilipolifuatilia swali lile kwenda nyuma, nilikuta jambo ambalo sikulitarajia, na nimelirudia kwa mama mara nyingi.

Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipewa hifadhi katika shamba la kabaila Nikolaus von Zinzendorf huko Saxony, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Waligombana vibaya mpaka Agosti 1727, walipopatana kwenye meza ya Bwana wakilia, na tangu hapo wakaanza zamu za maombi za usiku na mchana. Mwaka 1732 wakawatuma wenzao kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa. Mwaka 1891 Wamoravian walifika kwenye miguu ya Mlima Rungwe, na kwa njia hiyo Injili ikaufikia ukoo wetu.

Katikati ya hayo yupo John Wesley. Alikuwa padri wa Kianglikana, msomi wa Oxford, mtu wa kufunga na kusali kwa ratiba. Mwaka 1736, alipofika Georgia, Mmoravian aitwaye August Spangenberg alimwuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua Yesu ni Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, akasema Spangenberg, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Wesley alisema ndiyo, kisha akaandika katika shajara yake kwamba anahofu yalikuwa maneno matupu. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, alihisi moyo wake umepata joto la ajabu, na kutoka kwake uamsho ukaenea Uingereza na Marekani. Wapentekoste wenyewe ni wajukuu wa mkondo huo.

Maana yake ni kwamba Mmoravian ndiye aliyemwuliza padri wa kanisa la zamani, mtu aliyebatizwa na kufundishwa, “Umeokoka?” Swali lilitoka kwa wazee wa mama, likazunguka London, likavuka kwenda Marekani, likarudi Afrika, na miaka 280 na ushee baadaye likamkuta barazani akichambua mchele, likimchukulia kama mtu ambaye hajawahi kulisikia.

Lilivyofika Dar

Wakati wa ukoloni misheni zilijigawia nchi. Unyakyusa wakaingia Wamoravian na Walutheri, Kilimanjaro Walutheri na Wakatoliki, Ugogoni na Masasi Waanglikana. Mtu alizaliwa ndani ya dhehebu kama alivyozaliwa ndani ya kabila. Aliyehamia Dar es Salaam alikuja na barua ya utambulisho kutoka usharika wake, na akikosa kanisa la kwao karibu alibaki anaelea. Walokole walimkuta hapo.

Lakini uamsho ulikuwa umeanza ndani ya makanisa ya zamani yenyewe. Balokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookolewa, walitokea Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ndani ya kanisa la Kianglikana, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wameitikisa Bukoba ya Kilutheri. Hawakutoka kanisani. Walibaki, wakitubu dhambi hadharani na kuwaudhi wachungaji. Mmoja wa watoto wa uamsho huo, Askofu Josiah Kibira, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika hapahapa Dar es Salaam. Jijini humu pia, miaka ya mwanzo ya 1970, Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu wa Kianglikana John Sepeku, alikusanya umati akiombea wagonjwa na kutoa pepo mpaka alipofariki mwaka 1975.

Wapentekoste walikuwapo nchini tangu miaka ya 1930, wengi wao mikoani. Jijini walishamiri hasa baada ya miaka ya 1980, masharti ya nchi yalipolegea: Full Gospel Bible Fellowship ya Zachary Kakobe mwaka 1989, EAGT (Evangelistic Assemblies of God Tanzania) ya Moses Kulola mwaka 1991, mikutano ya Jangwani, Biafra na Tanganyika Packers, na baadaye redio. Idadi yao rasmi haipo, kwa kuwa sensa haijauliza dini tangu 1967. Inatosha kupita Sinza au Kimara Jumapili na kuhesabu vipaza sauti.

Dada yangu aliondoka kwa sababu gani

Maelezo ya historia hayatoshi, kwa hiyo nitasema la nyumbani. Dada yangu mdogo aliharibikiwa mimba mara tatu. Mara ya tatu alilala siku nne bila kutaka kuamka. Jumuiya ya mtaa wetu ilifika baada ya wiki mbili, ikiwa na risala fupi na kitabu cha mahudhurio. Siwalaumu kwa ubaya wa moyo. Mchungaji wetu wakati huo alikuwa na mitaa mingi kuliko siku za wiki. Lakini walokole wa jirani walikuja usiku wa kwanza. Wakakesha. Mmoja alifua mashuka. Waliweka mikono juu ya tumbo lake na kulitaja jambo ambalo kila mtu nyumbani alikuwa analinong’ona, kwamba pengine amerogwa, wakalikemea kwa jina la Yesu kwa sauti, wakati kanisa letu lilikuwa limemfundisha aone haya hata kulisema.

Mtu akiniambia dada aliibiwa kama kondoo, huwa nakumbuka yale mashuka.

Mumewe alikuwa mlevi. Alimfuata mkewe mwaka uliofuata, akaacha pombe, na ada ya shule ikaanza kulipwa. Nimewaona wanawake wengi wa Dar wakiingia wokovuni kwa mlango huo, na sidhani kuna mahubiri ya mchungaji wetu yaliyowahi kubadilisha bajeti ya nyumba kwa kasi ile.

Kisha dada akabatizwa tena, baharini, maji mengi. Hapo ndipo mama alipolia. Katika makanisa ya zamani ubatizo ni mmoja tu, na anayeurudia anasema kwamba ule wa kwanza haukuwa kitu: mikono iliyomshika akiwa mchanga, jina alilopewa, maji yale ya Rungwe, yote bure. Usharika ulimwondoa kwenye orodha, na kama angetaka kurudi ingempasa atubu mbele ya watu ndipo arudishwe kundini. Arobaini ya baba ilipofika hakula chakula chake, kwa kuwa aliambiwa ni sadaka ya mizimu. Alikaa nje ya geti na chupa ya maji. Aliyemfundisha hilo hakuwahi kuingia kwetu kuuliza tunafanya nini siku hiyo. Tulikuwa tunasoma Zaburi ya 90 na kula wali.

Mwaka 1997 Baraza la Makanisa Duniani liliwaandikia Wakristo kuhusu jambo hili hasa, la kuvutana waumini. Mwaka 2011 baraza hilo, Vatikani na umoja wa wainjilisti wa dunia, kwa pamoja, wakatoa mwongozo wa ushuhuda unaokataa kutumia umaskini na shida ya mtu kumvuta. Ni wa mahusiano na dini nyingine, lakini naona mstari wake unafaa wodini kwetu pia. Kumkuta mtu kwenye maumivu na kumfulia mashuka ni Injili. Kumkuta hapohapo na kumwambia kanisa la mama yake limekufa ni jambo la pili, na mara nyingi watu walewale hufanya yote mawili usiku mmoja. Waislamu wa mjini wanalifahamu jambo la namna hii kwa njia yao: kijana wa kundi la Answari Sunna anayemwambia baba yake kwamba maulidi aliyoyasoma maisha yote ni bidaa, yaani uzushi katika dini.

Makanisa ya zamani hayakukaa kimya. Leo sharika nyingi zina maombi ya alfajiri, ibada za kufunguliwa, kinanda na ngoma. Mwalimu Christopher Mwakasege amejaza viwanja kwa miaka mingi akifundisha wokovu huku akibaki Mlutheri. Wakatoliki wana Karismatiki. Ukiingia kwenye mkesha wa Ijumaa huku umefumba macho, huenda usijue uko dhehebu gani. Na wengi wameacha kuchagua: Jumatano Kawe kwenye maombezi, Jumapili usharikani, bahasha ya ahadi imelipwa, kwa sababu siku ya kufa wanataka kengele, mchungaji mwenye joho, na kwaya itakayoimba nyimbo ambazo bibi zao walizijua.

Yule msichana alirudi Tabata wiki tatu baadaye, peke yake, mvua ikimfukuza. Mama akampa kanga ajifute na kikombe cha chai, akamwuliza kwao ni wapi na alibatizwa wapi. Makete, akasema, Mlutheri, utotoni, mama yake bado yuko huko na hawajaongea vizuri tangu abatizwe tena. Mama hakuchukua nafasi ya kumfundisha. Akavuta kutoka chini ya mto kitabu kidogo cha neno la siku, kile ambacho Wamoravian wamekichapisha kila mwaka tangu 1731, akampa, kwa sababu jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho na lile la kushoto limeanza kuchoka.

Msichana akautafuta ukurasa. Akasoma mstari wa Agano la Kale, kisha ule wa Agano Jipya ulio chini yake.

“Huo wa pili nirudie,” mama akasema, “polepole.”

Akaurudia.